Tableti 20, wanafunzi 60: mwongozo kamili wa kuendesha somo bila intaneti Lubumbashi

Walimu wa Lubumbashi wanaleta malalamiko yale yale kila muhula. Tableti zilifika shuleni, zikatumika mara mbili tatu, na sasa zimefungiwa kabatini kwenye ofisi ya prefe, mkuu wa shule. Ukiuliza sababu, majibu yanafanana: chaji iliisha katikati ya somo, intaneti ilikataa, watoto sitini waligombea mashine ishirini, kengele ikalia kabla kazi haijaanza.

Katika hayo yote hakuna kosa la tableti. Ni kazi ambayo ilipaswa kumalizika kabla ya wanafunzi kuingia darasani, na ndiyo kazi nitakayoieleza hapa hatua kwa hatua. Lengo letu ni dogo kwa makusudi: somo moja, darasa moja, liende sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishalipata hilo moja, mengine yatajengwa juu yake.

Mfano ninaoutumia ni fizikia, somo la mzunguko wa umeme. Shule nyingi za mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi hazina maabara, na mwalimu huishia kuchora betri na taa ubaoni. Hapo tableti ina kazi ya kweli.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Tableti 20 za Android, inchi 8 hadi 10. Kama unazo 12 tu, soma hatua zote kisha gawa darasa mara mbili; usiweke wanafunzi watano kwenye kioo kimoja.
- Kadi ya kumbukumbu ya microSD kwa kila tableti. GB 32 zinatosha kabisa.
- Kompyuta moja ya mkononi, hata ya zamani, ilimradi betri yake bado inashika chaji.
- Chaja mbili za USB zenye matundu 10 kila moja, na kebo zaidi ya idadi ya tableti, maana kebo ndizo zinazokufa kwanza.
- Regilateri ya umeme, kifaa cha kutuliza nguvu ya umeme, kwa ajili ya prizi utakayotumia.
- Sanduku la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa pembeni. Fundi yeyote wa kuchomelea vyuma mtaani atalitengeneza.
- Wino wa kudumu, vitambaa laini vikavu, na daftari la kutoa na kupokea.
- Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika: paneli ya sola ya W 200, betri ya V 12 na Ah 100, pamoja na regilateri ya sola.

Ruta, kifaa cha kusambaza Wi-Fi, haimo kwenye orodha. Nimeiacha kwa kusudi, na nitairudia mbele.

## Hatua ya 1: Chagua kipande cha somo ambacho ubao haukiwezi

Usiseme "leo tutatumia tableti". Jiulize ni dakika zipi za somo ambazo chaki inashindwa. Kuandika maelezo, ubao unafaa. Kusoma kwa sauti, kitabu kinafaa. Lakini kuonyesha taa inavyofifia unapoongeza taa nyingine kwenye mstari mmoja, na mwanafunzi mwenyewe abadilishe waya aone, hapo chaki haifiki.

Andika kipande hicho kwenye fishi yako ya maandalizi kama unavyoandika shughuli nyingine: lengo, muda, swali watakalojibu. Inspekta akija, ataona somo la fizikia lenye kifaa, wala hatadhani ni mchezo. Na wewe mwenyewe utajua saa ya kuzima.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja wanafunzi watakachogundua. Kwa mfano wetu: taa zikiungwa mfululizo (zote kwenye mstari mmoja), mkondo unapungua, zikiungwa sambamba (kila taa na njia yake), betri inatoa mkondo zaidi.

## Hatua ya 2: Ipe kila tableti namba na wenyewe

Andika namba 1 hadi 20 mgongoni kwa wino wa kudumu, na namba hiyo hiyo kwenye kebo yake ya chaja na kwenye nafasi yake ndani ya sanduku. Dawati namba 7 linapokea tableti namba 7 leo, kesho na mwezi ujao.

Sababu ni mbili. Kwanza, kugombania kunaisha, kwa kuwa hakuna cha kuchagua. Pili, kioo kikipasuka au betri ikianza kuchoka, unajua ni ipi na iko kwa nani. Wanafunzi watatu wenye mashine yao huitunza kuliko sitini wenye mashine ya wote.

## Hatua ya 3: Punguza kila kisichohitajika

Kazi hii inachosha, lakini unaifanya mara moja tu. Kwenye kila tableti:

Ondoa programu za michezo na zote unazoweza kuondoa. Zima masasisho ya kujiendesha ndani ya Play Store, la sivyo siku tableti zitakapokutana na Wi-Fi ya mtu zitaanza kuvuta mega (data) zake zote kwa pamoja. Washa "Mode avion", inayozima mitandao yote. Punguza mwanga wa kioo hadi karibu nusu, kwa sababu kioo ndicho kinachokula chaji kuliko kitu kingine.

Weka saa sawa. Ukiulizwa eneo la saa, chagua Lubumbashi, usichague Kinshasa. Kule wako nyuma yetu saa moja, na tableti zikiwekwa lugha na nchi zinaweza kukamata saa ya Kinshasa zenyewe. Utashangaa ni vurugu kiasi gani huletwa na saa hiyo moja pale wanafunzi wanapoambiwa "acheni saa nne na robo".

Mwisho, washa kufunga programu kwenye kioo. Kwenye "Paramètres", ndani ya sehemu ya usalama, tafuta maneno "Épingler" au "Épinglage d'application", kisha weka namba ya siri ambayo mwalimu peke yake anaijua. Programu ikishafungwa namna hiyo, mwanafunzi hawezi kutoka kwenda kwenye picha wala kamera.

Angalia: namba ya siri iwe moja kwa tableti zote, na iandikwe mahali pawili: kwako na kwa prefe. Mwalimu akihamishwa na namba akaondoka nayo, tableti zote zitalazimika kufutwa upya.

## Hatua ya 4: Weka masomo ndani ya tableti yenyewe

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Wanapanga somo linalohitaji intaneti, kisha wanagawa forfé (bando) ya simu yao kwa tableti ishirini. Simu haibebi watu ishirini, na mega zinaisha kabla ya swali la pili. Beba masomo, usiyafuate mtandaoni.

Programu ya kuanzia ni Kiwix, ya bure, inayofungua vifurushi vya faili za ZIM bila mtandao. Ipakue kutoka tovuti ya Kiwix yenyewe, kwa sababu ile ya Play Store ina vizuizi vya kusoma faili ulizonakili mwenyewe kwenye Android mpya. Kisha pakua vifurushi kwa kompyuta, mahali penye mtandao mzuri, mara moja tu:

- PhET kwa Kifaransa. Haya ni majaribio ya sayansi yanayochezwa kwenye kioo, yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Kifurushi ni kidogo.
- Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 13.
- Wikipedia ya Kifaransa ukiihitaji, lakini yenye picha zote inazidi GB 30. Chukua toleo lisilo na picha.

Nakili vifurushi kwenye kadi moja ya microSD, ijaribu, kisha nakili kwenye zote.

Angalia: kadi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayozidi GB 4. Kunakili kutakatika njiani na utadhani kadi ni feki. Ipange upya kwa exFAT kwenye kompyuta kabla ya kuanza, na uhakikishe tableti yako inaisoma.

Lugha nayo ifikiriwe. Maandishi kwenye kioo ni Kifaransa, na mtoto wa Kamalondo anazungumza Kiswahili nyumbani. Andika ubaoni kabla ya somo maneno sita au saba watakayokutana nayo, kila moja na maana yake: pile, ampoule, fil, interrupteur, intensité, en série, en dérivation. Ukiliacha hili, dakika kumi za kwanza zitaishia kwenye kuuliza neno.

Zima mtandao wote, fungua jaribio la mizunguko ya umeme kwenye tableti zote ishirini. Likifunguka kote, endelea. Kama hata moja limekataa, usiendelee.

## Hatua ya 5: Chaji, ndiyo roho ya kazi

Nitakaa hapa kidogo, kwani tableti za shule nyingi zimefia hapa.

Fanya hesabu. Betri ya mAh 5,000 yenye V 3.7 inabeba Wh 18.5. Tableti ishirini ni Wh 370. Umeme mwingine hupotea njiani kwenye chaja na kebo, kwa hiyo hesabu Wh 450 hadi 500 kuzijaza zote zikiwa tupu. Kila tableti huvuta karibu W 10 inapochajiwa, maana yake zote pamoja ni W 200, kwa saa mbili hadi tatu.

Habari njema ni kwamba somo la dakika 20 halimalizi betri. Kwa mwanga wa nusu, bila Wi-Fi, tableti nzuri inaweza kubeba masomo kadhaa. Huhitaji kuchaji kila siku; unahitaji ratiba.

Panga hivi. Namba 1 hadi 10 zinachajiwa Jumatatu na Alhamisi, namba 11 hadi 20 Jumanne na Ijumaa. Umeme ukikatika siku moja, kundi moja tu limeathirika, na bado kuna siku ya pili. Mweke mtu mmoja mwenye jukumu, si "walimu wote". Kazi ya wote haina mwenyewe.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukirudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi na nguvu isiyotulia, na wakati huo ndio unaoua chaja. Ndiyo maana ya regilateri. Umeme ukikatika, chomoa chaja kwenye prizi. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Msimu wa mvua, radi ikianza kunguruma, chomoa kila kitu, hata kama chaji ni asilimia 30. Regilateri haizuii radi.

Kwa shule ya sola: paneli ya W 200 ikipata saa tano za jua zuri ingetoa Wh 1,000 kwenye karatasi, lakini kwa hali halisi hesabu 600 hadi 700. Betri ya risasi ya V 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, na usitumie zaidi ya nusu, ukitaka idumu. Hiyo nusu, Wh 600, inatosha tableti zote ishirini mara moja. Ukipata chaja za USB zinazochomekwa moja kwa moja kwenye V 12, zitumie: kubadilisha umeme kwenda V 220 kisha kuurudisha V 5 ni kuupoteza bure. Na hapa pana vita itakayokujia: kila mtu shuleni atataka kuchaji simu yake kwenye betri hiyo. Kataa tangu siku ya kwanza, kwa heshima, na prefe awe ametangaza kanuni hiyo yeye mwenyewe mbele ya wote.

Angalia: usichaji tableti ndani ya sanduku lililofungwa, wala juani, wala zikiwa zimerundikwa moja juu ya nyingine. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 45. Tableti iliyovimba mgongoni itolewe kazini siku hiyo hiyo, isichajiwe tena na isibonyezwe.

Vumbi letu jekundu la kiangazi huingia kwenye tundu la chaja mpaka kebo inalegea. Zima tableti, safisha tundu taratibu kwa kijiti cha mbao cha kuchokolea meno. Usitumie sindano wala pini.

Ukifungua sanduku siku ya somo asubuhi bila kuwa umechaji usiku uliotangulia, na tableti zote zikawa juu ya asilimia 50, ratiba yako inafanya kazi.

## Hatua ya 6: Fanya jaribio na wanafunzi watatu

Chukua wanafunzi watatu baada ya masomo, tableti moja, na swali lako. Kaa kimya uwatazame. Usiwasaidie. Utaona penye kukwama: labda hawajui kuvuta waya kwa kidole, labda swali lako halieleweki. Andika, rekebisha. Wanafunzi hawa watatu ndio watakaokuwa wasaidizi wako siku ya somo, nao watajivunia kazi hiyo.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe, dakika 50

Dakika 0 hadi 12, ubao. Eleza betri, taa, waya. Waulize: nikiongeza taa ya pili kwenye mstari huo huo, zote zitawaka sawa, zaidi, au kidogo? Wapige kura kwa mikono na uandike idadi ubaoni. Tableti bado ziko sandukuni. Zikiwa mezani wakati unaeleza, unaieleza hewa.

Dakika 12 hadi 16, kugawa. Wakuu wa safu nne, kila mmoja abebe tano, aweke kila moja kwenye dawati la namba yake. Wewe usitembee, simama mbele uhesabu.

Dakika 16 hadi 36, kazi. Kila dawati lina majukumu matatu: mmoja anashika tableti, mmoja anasoma swali, mmoja anaandika kwenye kaye (daftari). Baada ya kila dakika 6 piga makofi, wabadilishane. Usiache hili liende lenyewe. Lisiposimamiwa, mvulana mkubwa atashika kioo toka mwanzo hadi mwisho na msichana ataandika toka mwanzo hadi mwisho.

Maswali yawe matatu tu. La kwanza: weka betri ya V 9 na taa ya ohm 10, pima mkondo. Watapata A 0.9. La pili: ongeza taa kama hiyo mfululizo. Mkondo unashuka hadi A 0.45 na taa zinafifia mbele ya macho yao. La tatu: ziunge sambamba. Kila taa inarudia mwanga wake wa kwanza, na betri sasa inatoa A 1.8.

Dawati moja, bila shaka, litaunganisha waya mtupu kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, na betri kwenye kioo itashika moto. Kelele zitapanda. Usiwakemee. Simamisha darasa lote, waonyeshe, waulize kwa nini. Jambo hilo usingeweza kamwe kulifanya na betri ya kweli mbele ya watoto sitini, na hawatalisahau.

Dakika 36 hadi 40, kukusanya. Wakuu wa safu wale wale, njia ile ile. Hesabu hadi ishirini kwa sauti.

Dakika 40 hadi 50, kurudi ubaoni. Rudi kwenye kura za mwanzo. Nani alipatia? Kwa nini? Kisha waulize swali la mtaani: jioni kila nyumba inapowasha jiko la umeme kwa wakati mmoja, kwa nini kabini (transfoma) ya mtaa inaungua? Vyombo vyote vimeungwa sambamba, kila kimoja kinaongeza mkondo kwenye waya ule ule. Acha walifikie jibu wenyewe kutoka kwenye ile A 1.8. Halafu waandike sheria kwenye kaye zao.

Dakika kumi hizi usizikate. Mwalimu akiishiwa muda, apunguze maswali ya tableti. Bila mazungumzo ya mwisho wanafunzi wataondoka na picha, si fizikia.

Pitia kaye kumi baadaye. Kama zina namba tatu za mkondo na sentensi inayoeleza tofauti, somo limefaulu, hata kama kulikuwa na kelele.

## Hatua ya 8: Baada ya kengele

Futa vioo kwa kitambaa kikavu, andika kwenye daftari namba zilizotoka na zilizorudi, andika yenye tatizo. Sanduku lifungwe na funguo mbili zikae kwa watu wawili. Kamati ya wazazi, COPA, ipewe kuona daftari hilo kila muhula. Wazazi wakijua zipo ngapi na zinafanya nini, ulinzi unakuwa wa mtaa mzima.

## Hatua ya 9: Sasa ruta, baada ya masomo kadhaa

Ukishazoea, unaweza kuongeza Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality. Inawekwa kwenye ile kompyuta ya mkononi, na tableti zinaifikia kwa ruta isiyo na intaneti yoyote. Faida yake ni kwamba mwalimu anaona ni dawati lipi limekosa swali lipi. Kompyuta ya mkononi ni bora kuliko ya mezani kwa kazi hii: umeme ukikatika, betri yake inaendelea.

Ipe kompyuta anwani isiyobadilika ndani ya ruta. Usipofanya hivyo, anwani uliyoandika ubaoni jana, kama 192.168.1.10:8080, leo itakuwa nyingine.

Tableti zikiunganishwa, zitalalamika kwamba mtandao huu hauna intaneti na kuuliza kama zibaki. Kubali, na uweke alama ya kutoulizwa tena. Tableti zisizojibiwa swali hili hujitoa zenyewe katikati ya somo, na walimu wengi hudhani ruta ni mbovu.

Video zisichezwe na tableti ishirini kwa wakati mmoja; ruta ya kawaida itazidiwa. Tumia mazoezi, na video ionyeshwe na dawati moja baada ya jingine, au iwekwe kwenye kadi. Shule jirani ikihitaji masomo yale yale, si lazima ipakue upya: Kolibri inakubali kunakili kutoka kwenye diski ya nje.

## Likizo kubwa

Kabla ya Julai, chaji kila tableti hadi karibu asilimia 50, izime kabisa, na uiweke mahali pakavu pasipo joto. Betri iliyoachwa tupu miezi miwili inaweza isiamke tena. Katikati ya likizo mtu mmoja aje azipime, aongeze chaji kwa zilizoshuka, na aandike tarehe kwenye daftari.

Wiki moja kabla ya masomo ya Septemba, rudia Hatua ya 4 kwa tableti zote: washa, angalia saa, fungua jaribio. Zilizokataa zipelekwe kwa fundi mapema, maana baada ya shule kufunguliwa foleni ya fundi ni ndefu.